Dodoma, Nairobi au Kampala: jiji lipi kwa ziara ya vijana wa kanisa wanaotoka Mwanza?

Vijana wa Mwanza wana bahati ambayo wenzao wa mikoa mingi hawana. Miji mikuu mitatu iko karibu umbali ule ule kutoka kwao. Dodoma kwa njia ya Shinyanga, Nzega na Singida ni kama kilomita 700. Nairobi kwa Sirari ni hapo hapo. Kampala kwa Geita, Bukoba na Mutukula inazidi kidogo tu. Kwa hiyo kikao kikikaa kuchagua pa kwenda kutembea, umbali hauamui kitu: kokote mtakakoelekea, ni siku nzima barabarani kwenda na siku nzima kurudi.

Kinachoamua, mara nyingi, ni wenye sauti kubwa kikaoni, na wenye sauti kubwa kwa kawaida wanataka Nairobi. Sina ugomvi na Nairobi, na nitaieleza kwa haki. Ila naona swali la jiji huulizwa mapema mno. Kabla yake yapo mawili: vijana wenu wana umri gani, na mnasafiri mwezi gani? Mkishajibu hayo, mara nyingi jiji moja linaanguka lenyewe, na mnabaki na mawili ya kupigia kura.

Umri na makaratasi

Kwa Dodoma, barua ya utambulisho ya mchungaji au paroko na ridhaa ya wazazi kwa walio chini ya miaka 18 zinatosha. Mnapanda gari, mnaondoka.

Kwa Nairobi na Kampala mambo ni mengine. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvukiana mipaka kwa vitambulisho vya taifa, lakini sisi Watanzania hatumo katika mpango huo, kwa hiyo kadi ya NIDA peke yake haikuvushi. Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Kwa kijana wa sekondari hilo lina maana ya cheti cha kuzaliwa, picha, na mzazi wa kuambatana naye ofisini. Mlezi wa vijana aliyewahi kuwatafutia watu thelathini vyeti vya kuzaliwa anajua ninachosema.

Halafu kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda huidai kwa wanaoingia, na sisi wenyewe tunaweza kuidai mnaporudi, kwa kuwa Kenya na Uganda zote ziko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, vinginevyo cheti hakijaanza kufanya kazi. Mkishachanja hamrudii tena, inatosha maisha. Kadi ya njano ya pili ni bima ya gari ya COMESA, na hiyo ni juu ya mwenye basi. Muulizeni kabla ya kumlipa kianzio, pamoja na kibali cha gari kuvuka mpaka. Akianza kusema “mambo ya mpakani yataeleweka huko huko”, tafuteni mwingine.

Kundi ambalo nusu yake ni wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, na safari imebakiza mwezi mmoja, liende Dodoma. Sioni haja ya kujadiliana zaidi ya hapo.

Mwezi gani

Vijana wengi husafiri shule zikifungwa, yaani Juni au Desemba. Miezi hiyo miwili inageuza kabisa hesabu.

Juni ni mwezi wa Dodoma. Mkutano wa Bunge la bajeti huanza Aprili na kuisha mwishoni mwa Juni, kwa hiyo mkifika katikati ya wiki mnawakuta wabunge ndani. Nairobi, kwa upande wake, imekuwa na maandamano makubwa ya vijana siku za mwisho za Juni tangu 2024, na tarehe 7 Julai, Saba Saba, nayo huwa ya tahadhari. Siku kama hizo katikati ya jiji hufungwa, maduka hushusha milango, na basi la wageni halina pa kupita. Kampala nayo ina siku yake, tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Kama mnakwenda kuhiji, hakuna siku kubwa kuliko hiyo. Wapo wanaotembea kwa miguu kutoka Kenya, Rwanda, Kongo na hata kwetu. Kama mnakwenda kutazama na kujifunza, siku hiyo hamtaona kitu zaidi ya migongo ya watu. Fikeni wiki inayofuata.

Desemba Bunge huwa limeshaahirishwa, na Dodoma inapoteza nusu ya sababu ya kwenda. Hapo mnabaki na Nairobi na Kampala.

Mtakayoyaona njiani

Watu hulinganisha miji na kusahau kwamba siku mbili kati ya tano zinaishia njiani.

Njia ya Dodoma ndiyo kavu kuliko zote. Mawe ya Shinyanga, alizeti za Singida, na usingizi. Ipo pia treni ya zamani ya kupitia Tabora, ambayo vijana wataifurahia kwa nyimbo na stori kama hamna haraka.

Njia ya Nairobi ina vituo viwili vizuri. Cha kwanza ni Butiama, mchepuko mdogo kabla ya kufika Tarime, kwenye makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere. Cha pili kiko upande wa Kenya, mkishapita Narok na kuanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu. Pembeni mwa barabara kuna kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, wale wale waliokuwa wakiijenga barabara hiyo. Ni dogo kiasi kwamba kundi lenu litaingia kwa zamu. Magari mengi hulipita bila hata kupunguza mwendo, kwa hiyo dereva aambiwe mapema.

Njia ya Kampala ndiyo naipenda zaidi. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, lina urefu wa kilomita 3, na limeondoa ile foleni ya kivuko. Baada ya Geita na Muleba mnafika Bukoba, ambako ndani ya kanisa kuu amezikwa Laurean Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanywa kardinali katika nyakati hizi, mwaka 1960. Kundi la VIWAWA, yaani vijana Wakatoliki, linaloipita Bukoba bila kusimama kwenye kaburi hilo limekosa somo la bure. Meli ya usiku kutoka Mwanza hadi Bukoba nayo ni njia ya kufikiria: mnalala majini, asubuhi mko Bukoba, na basi la kukodi mnalichukulia huko.

Jiji lipi lina la kuwaambia vijana wa kanisa

Hapa sitajifanya nimesimama katikati. Kwa ziara ya kanisa, Kampala iko mbele, na pengo si dogo.

Namugongo, nje kidogo ya jiji, ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mashahidi wanaohesabiwa kwa jumla, waliouawa sehemu mbalimbali kati ya 1885 na 1887, ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi wao walikuwa watumishi vijana wa ikulu. Kizito alikuwa na miaka kama 14. Hebu fikiri mtoto wa darasa la Kipaimara amesimama mahali hapo na kuambiwa umri huo. Basilika ya Wakatoliki imejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, nayo inasimama juu ya nguzo 22, moja kwa kila shahidi. Mapapa watatu wamefika: Paulo VI mwaka 1969, Yohane Paulo II mwaka 1993, Fransisko mwaka 2015. Jirani yake kuna eneo la Waanglikana lenye makumbusho inayoonyesha kwa sanamu jinsi mateso yalivyokuwa. Sanamu hizo ni kali. Kama mna watoto wadogo, waandaeni kwanza. Madhehebu yote mawili yatembelee pande zote mbili, maana waliouawa waliuawa pamoja na hawakutenganishwa kwa dhehebu.

Lakini jambo ambalo viongozi wetu wengi hawalitumii ni kwamba historia hii inaanzia kwetu, upande wa kusini wa Ziwa. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walipoona Buganda hakukaliki mwaka 1882, walivuka ziwa na kuhamia kusini, na hapo ndipo ilipozaliwa misheni ya Bukumbi, mwendo mfupi kutoka Mwanza mjini. Waanglikana nao: wamisionari wawili wa msafara wa kwanza wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe Desemba 1877. Alexander Mackay, fundi na mwalimu aliyewafundisha vijana wengi wa Buganda kusoma, alifukuzwa na akafia Usambiro, kusini mwa Ziwa, mwaka 1890. Leo kaburi lake liko Namirembe, kwenye kilima cha kanisa kuu la Waanglikana la Kampala, pamoja na la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Kundi la TAYO (vijana Waanglikana) au UKWATA (wanafunzi Wakristo) likitembelea Bukumbi au Ukerewe Jumamosi moja kabla ya safari, likifika Kampala litakuwa linaendeleza habari ambayo tayari linaijua.

Mkitoka Namirembe, kilima kinachofuata ni Rubaga, kanisa kuu la Wakatoliki, alikozikwa Joseph Kiwanuka, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki katika nyakati hizi, mwaka 1939. Vilima hivyo viwili vinatazamana. Asubuhi moja inatosha kwa vyote.

Halafu pelekeni vijana Kasubi. Ni makaburi ya wafalme wa Buganda, urithi wa dunia tangu 2001. Yaliungua Machi 2010, yakajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mmoja wa waliozikwa humo ni Mwanga mwenyewe. Yule aliyeamuru vijana wachomwe alikuja kuondolewa madarakani na Waingereza, akapelekwa Shelisheli, akabatizwa kwa jina la Danieli, akafia uhamishoni mwaka 1903. Sijui mada ya jioni ya vijana iliyo nzito kuliko hiyo: muuaji wa mashahidi alikufa Mkristo. Waacheni wabishane. Wasichana wabebe vitenge, kwani Kasubi huwa wanaombwa wajifunge.

Na kwa ajili ya nyakati hizi karibu zaidi, yupo Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa chini ya utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977. Waganda wanaiadhimisha siku hiyo kama sikukuu ya taifa.

Nairobi ina makanisa makubwa na mazuri. All Saints' ya Waanglikana ni jengo la mawe ambalo ukiingia unanyamaza bila kuambiwa. Holy Family ya Wakatoliki iko katikati kabisa ya jiji. Lakini hapo unaingia, unasali, unatoka. Mahali Nairobi pa kuwashika vijana kiimani, kwa maoni yangu, si kanisa: ni ile bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, mahali palipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka 1998. Nairobi peke yake walikufa watu 213, na asubuhi hiyo hiyo Dar es Salaam walikufa 11. Majina yamechongwa ukutani. Kijana aliyezaliwa baada ya 2005 hajui habari hii, na hata sisi Watanzania tumeanza kuisahau. Sala fupi ya kuombea amani mahali pale ina uzito.

Dodoma ina makanisa makuu ya madhehebu yote makubwa, na mtapokelewa vizuri, lakini msiende kwa ajili hiyo.

Kutalii kwenyewe

Huku Nairobi inaongoza. Tatizo ni kwamba makundi ya kutoka kwetu hutumia fedha zao pale pasipostahili.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na ina simba, faru, twiga na nyati. Ajabu yake ni maghorofa yanayoonekana nyuma ya wanyama. Ni picha nzuri. Lakini ninyi mnatoka Mwanza! Lango la Ndabaka la Serengeti mmelipita asubuhi mkiwa njiani. Kuvuka mpaka na kulipa kiingilio ili kuona simba ni kama kwenda kununua sato Dodoma. Kama lazima mnyama, nendeni kwenye kituo cha tembo yatima cha Sheldrick, pembeni mwa hifadhi hiyo hiyo. Wageni hupokelewa saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na nafasi hukatwa mapema. Mkichelewa kwa sababu ya foleni, basi. Malipo ya hifadhi yenyewe ni ya mtandaoni, fedha taslimu getini hazipokelewi, kwa hiyo awepo mwenyeji wa kuwasaidia.

Ambako ningepeleka kundi bila kusita ni Makumbusho ya Reli. Nairobi ilizaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli, na humo mna behewa ambalo mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, simba aliingia na kumtoa nje afisa wa polisi Charles Ryall. Vijana watalikumbuka behewa hilo kuliko mnyama yeyote. Kisha jengo la KICC, ghorofa 28, lililokamilika mwaka 1973, ambako mnapanda hadi juu kabisa na kuliona jiji lote. Na Makumbusho ya Taifa, kwenye mifupa ya binadamu wa kale sana anayeitwa mvulana wa Turkana, ikiwa mlezi yuko tayari kwa maswali kuhusu Adamu na Hawa ambayo hayataisha hadi Sirari.

Kampala kwa kutalii ni ya wastani. Mnara wa msikiti wa taifa, Old Kampala, unaonyesha vilima vyote, na wenyeji wa pale huwapokea Wakristo kwa ukarimu na kuwaazima mabinti vitambaa vya kichwa. Kinachochosha ni foleni. Msipange zaidi ya mahali patatu kwa siku.

Dodoma ni Bunge, na Bunge pale ni tukio. Andikeni mapema kwa mbunge wenu, mkitaja jina la kundi, idadi na tarehe. Kikao huanza saa tatu asubuhi kwa maswali, na Alhamisi ndiyo siku ya Waziri Mkuu kuulizwa papo kwa papo. Baada ya maswali Spika husoma wageni waliopo ukumbini, na ninyi mnasimama na kupungia. Kwa kijana wa Magu au Misungwi kusikia kwaya yake ikitajwa Bungeni ni jambo ambalo Nairobi haiwezi kumpa. Siku ya pili pandeni SGR hadi Morogoro na kurudi. Treni hiyo ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na kwa Kanda ya Ziwa bado tunaisubiri, kwa hiyo wengi itakuwa mara yao ya kwanza. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ni urithi wa dunia tangu 2006, ila inakula siku nzima peke yake.

Fedha, kulala, lugha

Nairobi ndiyo ghali. Laki moja ya kwetu ikibadilishwa Sirari hurudi noti chache za kukatisha tamaa. Mutukula kinyume chake: mnapata shilingi nyingi kuliko mlizotoa, ingawa bei za Kampala huzimeza haraka. Dodoma ni nafuu, isipokuwa wakati wa Bunge, ambapo nyumba za wageni hujaa na kupandisha bei. Dawa ni kuomba ukumbi wa usharika au parokia na kubeba magodoro. Nairobi kuna hosteli za YMCA na nyumba ya wageni ya Waanglikana. Kampala ipo Namirembe Guest House, chini tu ya kanisa kuu, na jioni vijana wanaweza kupanda kilimani kwa miguu.

Kuhusu lugha, Nairobi mtaelewana, hata kama Sheng itawapiga chenga. Ibada za Kiswahili zipo. Kampala ni Kiganda na Kiingereza, na waongozaji wa Namugongo kwa kawaida huongea Kiingereza. Kama vijana wenu hawakimudu, awepo mtu wa kutafsiri aliyejiandaa, aliyesoma habari za mashahidi kabla, asije akawa anaruka sentensi mbili kwa kila moja anayoisema.

Wasabato, panga Jumamosi kwanza ndipo upange mengine. Kampala na Nairobi mnaweza kukaa kanisani siku nzima na wenyeji, na Jumapili mkatembea wakati foleni za katikati ya jiji zimepungua. Dodoma hilo halifai sana, kwa sababu Bunge halikai Jumamosi wala Jumapili, kwa hiyo ondokeni Mwanza Jumanne, muwe ukumbini Alhamisi asubuhi.